Uzamili wa lugha, utamaduni na mawasiliano: anza na ulichokisikia, nadharia itakufuata

Ndugu muuliza swali, umeeleza kwamba umemaliza shahada ya kwanza ya ualimu wa lugha, umepata nafasi ya uzamili katika programu ya lugha, utamaduni na mawasiliano katika jamii, na unataka kujua mambo matatu: kama hiyo ni isimu, yaani sayansi ya lugha, au ni sosholojia iliyovishwa jina jingine, uchague nadharia gani mapema ili pendekezo lako la utafiti lisikataliwe, na kama mwisho wake kuna kazi. Nilisoma programu ya namna hiyo na nikaimaliza kwa kuchelewa mwaka mzima. Kuchelewa kwangu kulitokana hasa na hilo swali lako la pili, kwa hiyo nitaanza nalo, na nitakaa nalo muda mrefu kuliko hayo mengine.

Mimi pia nilichagua nadharia mapema. Niliingia darasani na pendekezo lililoitwa "Nafasi ya Lugha katika Kudumisha Utamaduni", lenye kurasa kumi na nane za mapitio ya maandiko na kiunzi cha nadharia nilichokichora kwa masanduku na mishale. Msimamizi wangu alilisoma lote, na hilo ni la kumshukuru, kisha akaandika chini ya kichwa maswali manne: nani anasema, anasema nini, anamwambia nani, na wewe ulikuwa wapi alipokuwa akisema? Sikuwa na jibu la hata swali moja. Nilijitetea kwamba hayo yote yangejibika nikishafika uwandani, naye akanijibu kwamba mtu asiyejua anakwenda kusikiliza nini hana uwanda wa kwendea. Nilitoka ofisini kwake nikiwa nimeudhika, na kwa wiki sita nilizidi kusoma vitabu, nikidhani kwamba dawa ya pendekezo bovu ni marejeo mengi zaidi.

Jibu lilikuja siku ambayo sikuwa nikilitafuta. Nilikuwa nimemsindikiza ndugu yangu hospitalini, nikakaa kwenye benchi karibu na dirisha la mapokezi kwa muda wa kama saa mbili. Karani aliyekuwa dirishani alimuuliza kila aliyefika shida yake, ili ajue amwelekeze chumba gani, na foleni ilikuwa imembana mgonjwa kwa nyuma kiasi kwamba kila neno lilisikika. Watu walikuwa wakijibu: "Kichwa tu." "Homa tu." "Nimekuja kuangaliwa tu." Nilipofika kwa mtu wa nne au wa tano ndipo nilipoanza kusikiliza kwa makini, kwa sababu karibu kila aliyetaja ugonjwa alikuwa akiufunga kwa neno hilo hilo. Akaja mama mmoja ambaye alikuwa akitembea kwa kushikilia ukuta, ambaye mtu yeyote mwenye macho aliona kwamba hali yake si nzuri, naye akasema: "Mgongo tu." Nilirudi kwa msimamizi wangu nikiwa na neno moja lenye herufi mbili, na kwa mara ya kwanza alivuta kiti akakaa.

Nakusimulia haya kwa sababu ukichunguza jinsi fani hii ilivyojengwa, utaona kwamba kazi nyingi tunazozisoma leo kama nadharia zilianza hivyo hivyo, kwa mtu kusikia kitu kidogo ambacho wenzake walikipita. Mwanasosholojia Harvey Sacks, ambaye alikuwa akifanya kazi na rekodi za simu za watu waliokuwa wakiomba msaada katika kituo cha kuzuia kujiua mjini Los Angeles, alianza na tatizo la kiofisi kabisa, yaani wahudumu walitaka kupata majina ya wapigaji. Aliona kwamba mhudumu akitangulia kutaja jina lake, kwa kawaida mpigaji naye hutaja lake. Kisha akakutana na mpigaji ambaye, baada ya mhudumu kujitaja, alisema kwamba hasikii vizuri. Mhudumu akarudia jina, mpigaji akalithibitisha, mazungumzo yakaendelea, na ile nafasi ambayo mpigaji alipaswa kutaja jina lake ikawa imepita bila yeye kukataa wala kusema uongo. Sacks alilieleza jambo hilo katika mihadhara aliyoianza mwaka 1964, na kutokana na uchunguzi wa aina hiyo ukazaliwa uchanganuzi wa mazungumzo, ambao mwaka 1974 ulipata makala yake maarufu kuhusu zamu za kusema, aliyoiandika pamoja na Emanuel Schegloff na Gail Jefferson. Mtu anayeanza na makala ya 1974 huona kanuni zilizopangwa kwa herufi na namba, na huogopa, lakini anayeanza na yule mpigaji wa simu huona mara moja kanuni hizo ni za nini.

Mwanaisimu William Labov naye, mwezi Novemba 1962, aliingia katika maduka matatu makubwa ya New York, moja la wenye fedha, moja la watu wa kati na moja la bei nafuu, akawauliza wauzaji mahali pa bidhaa ambayo alikwisha kujua kwamba inapatikana ghorofa ya nne. Katika maneno ya Kiingereza yanayotaja ghorofa hiyo, sauti "r" inaweza kusikika mara mbili au isisikike kabisa. Muuzaji alipojibu, Labov alijifanya hakusikia, ili ajibiwe mara ya pili kwa makini zaidi, kisha akajitenga na kuandika alichosikia. Kwa muda wa saa sita na nusu hivi alipata wazungumzaji 264, na matokeo yakapangika kama maduka yalivyopangika: waliotamka "r" hiyo, japo mara moja, walikuwa asilimia 62 katika duka la juu, 51 katika la kati na 20 katika la chini. Napenda kazi hii kwa sababu ya ufupi wake, na kwa sababu inaonyesha kwamba swali zuri linaweza kuwa dogo kiasi cha kuulizwa mbele ya kaunta. Hata hivyo, nina shaka kubwa kama kamati ya maadili ya siku hizi ingempitishia, kwa kuwa wauzaji wale hawakuambiwa kwamba wanachunguzwa, na jambo hilo la ridhaa nitalirudia kwa sababu liliniponza.

Sasa narudi kwenye nadharia, ambayo ndiyo uliyoiulizia. Baada ya kupata "tu" yangu, nilikimbilia nadharia ya staha ya Penelope Brown na Stephen Levinson, iliyotoka mwaka 1978 na kuchapishwa tena kama kitabu mwaka 1987, kwa sababu ndiyo niliyoifahamu. Kwa ufupi, wao wanasema kwamba kila mtu ana uso wa kijamii, yaani heshima anayotaka itambuliwe na uhuru anaotaka usiingiliwe, na kwamba tunapotaka kusema jambo linaloutishia uso huo tunalipunguza makali kwa mbinu mbalimbali. Mifano yao ilitoka hasa katika Kitzeltal cha Meksiko, Kitamil cha kusini mwa India na Kiingereza. Kwa mtazamo huo, "kichwa tu" ni mbinu ya kupunguza uzito: mgonjwa hataki kumsumbua karani, basi anaifanya shida yake iwe ndogo. Niliandika sura nzima kwa mtindo huo, na ilikuwa inasomeka vizuri, ila ilikuwa na kasoro moja ambayo niliiona kwa bahati. Rekodi nilizokuwa nimerudi kuzichukua dirishani pale wakati wa alasiri, benchi lilipokuwa tupu, hazikuwa na "tu" nyingi. Wagonjwa wa alasiri walimweleza karani yule yule, katika dirisha lile lile, shida zao kwa kirefu, hata wakataja siku zilipoanza na dawa walizokwisha kunywa. Kama "tu" ingekuwa ni ya kumstahi karani, ingepaswa kubaki alasiri, kwa sababu karani alikuwepo.

Ilinichukua muda kukubali kilichokuwa wazi, kwamba "tu" ile haikusemwa kwa karani bali kwa foleni. Hapo nadharia ya staha ikaanza kunipwaya, kwa sababu imejengwa juu ya watu wawili, msemaji na msikilizaji, ilhali dirishani walikuwepo watu ishirini. Nilihitaji mtu aliyefikiri juu ya wanaosikia bila kusemeshwa, na ndipo nilipomsoma mwanasosholojia Erving Goffman kwa dhati. Katika makala yake ya mwaka 1979 alilivunja neno "msikilizaji" vipande vipande, akamtenga anayesemeshwa na mshiriki anayetambuliwa lakini hasemeshwi, akamtenga anayesikia kwa kuwa tu yuko karibu, na pia anayetega sikio kwa siri. Kisha nikamsoma Allan Bell, ambaye mwaka 1984 alionyesha, kwa kutumia wasomaji wa habari wa redio nchini New Zealand, kwamba msomaji mmoja, akiwa katika studio moja, hubadili matamshi anapohama kutoka kituo kimoja kwenda kingine, kwa sababu hadhira ndiyo pekee iliyobadilika. Nilipoyaweka hayo mawili kando ya rekodi zangu, tasnifu ilianza kujiandika.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la pili ni kwamba usichague. Soma nadharia tatu au nne kwa kiwango cha kuweza kumweleza mtu asiyezijua, zibebe kwenda nazo uwandani, halafu uangalie ni ipi inayoshindwa kueleza ulichokisikia, na inashindwa mahali gani hasa. Ile sura niliyoiandika kwa nadharia ya staha sikuitupa. Niliifupisha ikawa kurasa saba zinazoonyesha mahali nadharia hiyo inapoishia, na watahini wangu waliniambia kwamba hizo ndizo zilizowashawishi kuliko nyingine. Wala si jambo geni, kwani Sachiko Ide na Yoshiko Matsumoto waliipinga nadharia hiyo hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980 wakiwa na data ya Kijapani, ambamo msemaji hana hiari ya kuacha vialama vya heshima hata asipokuwa na lolote la kupunguza makali. Charles Ferguson alieleza diglosia mwaka 1959 kama hali ya aina mbili za lugha, ya juu na ya chini, zinazogawana kazi katika jamii moja, na mwaka 1972 Mohamed Abdulaziz Mkilifi, akitazama Tanzania, alionyesha kwamba hapo ngazi ni tatu: lugha ya nyumbani, Kiswahili na Kiingereza. Hakuhitaji kuibomoa kazi ya Ferguson, ila alihesabu alichokiona na hesabu haikutoka mbili.

Kuhusu ridhaa, naomba usome sehemu hii polepole, kwa maana ndiyo iliyonigharimu. Nilipata kibali cha kamati ya maadili na kibali cha uongozi wa hospitali, nikapata na saini za makarani, nikaridhika. Wagonjwa niliwaomba ridhaa mmoja mmoja kabla hawajafika dirishani. Nilichosahau ni kwamba kinasa sauti hakibagui. Rekodi zangu za wiki mbili za mwanzo zilikuwa zimenasa mazungumzo ya watu waliokuwa nyuma kwenye foleni, ambao hawakuwa wametia saini mahali popote, na wengine walikuwa wakizungumza mambo ya siri zao kabisa. Nilipoyaripoti hayo kamati iliniagiza nizifute zote, nami nikazifuta. Ni kweli kwamba lilikuwa agizo la haki, na ni kweli pia kwamba nililia. Baada ya hapo nilitumia maikrofoni inayochukua sauti ya upande mmoja, nikaweka tangazo kubwa lililosomeka kutoka mwisho wa foleni, na nikamfuata kila mgonjwa mara ya pili alipomaliza, kumuuliza kama bado anakubali au angependa nifute mbele yake. Wengine walisema nifute. Kibali cha taasisi hakimfungi mtu aliyemo ndani ya taasisi, na mtu aliyekubali asubuhi ana haki ya kukataa mchana.

Jambo la pili katika hili ni la aibu zaidi. Katika semina moja ya idara niliwasikilizisha wenzangu kipande cha sekunde nane, nikiwa nimekwisha kufuta jina na kila kitu cha kumtambulisha msemaji. Mwanafunzi mmoja akacheka, akasema: "Huyu namfahamu." Nilikuwa nimefuta jina nikasahau kwamba sauti yenyewe ni jina. Tangu siku hiyo sijawahi kucheza rekodi mbele ya watu, natumia unukuzi peke yake, na wanafunzi wanaoniomba ushauri nawaambia waandike hivyo katika fomu ya ridhaa tangu mwanzo.

Unukuzi nao unahitaji maneno yake, kwa sababu programu nyingi huutaja kwa mstari mmoja kana kwamba ni kazi ya ukarani. Mwanzoni dakika moja ya mazungumzo ilikuwa ikinichukua karibu saa nzima kuiandika, na hata baada ya kuzoea sikuwahi kushuka chini ya dakika ishirini na tano. Zipo programu za kompyuta za bure zinazosaidia, kama ELAN, iliyotengenezwa katika taasisi ya Max Planck ya saikolojia ya lugha kule Nijmegen, ambayo hukuwezesha kuoanisha maandishi na sauti au video, na Praat, ya Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam, ambayo hupima mawimbi ya sauti, urefu wa vituo vya kimya na kupanda na kushuka kwa kiimbo. Zipo pia zinazonukuu zenyewe. Nilizijaribu, zikaniandikia sentensi safi kabisa, zikiwa zimeondoa kila "eh", kila "mh", kila neno lililorudiwa na kila kigugumizi, yaani zimeondoa karibu kila nilichokuwa nakitafuta. Elinor Ochs aliandika mwaka 1979 kwamba unukuzi wenyewe ni nadharia, kwa sababu kuamua nini kiandikwe na kipangwe vipi ukurasani ni kuamua nini kina maana. Nilipousoma mstari huo darasani niliuona kama kauli ya kupendeza tu. Nilikuja kuuelewa nilipogundua kwamba katika nukuu zangu za mwezi wa kwanza sikuwa nimeandika kimya hata mara moja.

Na kimya kilikuwepo tele. Kati ya swali la karani na "kichwa tu" kulikuwa na kituo, pengine nusu sekunde, pengine sekunde mbili, ambapo mgonjwa aligeuza shingo kidogo kuangalia nyuma. Mwanaanthropolojia Keith Basso, katika makala yake ya mwaka 1970 kuhusu Waapache wa Magharibi huko Arizona, alichunguza ni lini watu hao huacha kusema, akaorodhesha hali sita, miongoni mwao kukutana na wageni, siku za mwanzo za uchumba, na kuwa na mtu aliyefiwa. Hali hizo zinaonekana kutofanana kabisa, lakini alionyesha kwamba zote zina jambo moja: wahusika hawana hakika ya uhusiano wao kwa wakati huo. Sisemi kwamba kimya cha foleni ni kile kile cha Waapache, na nakuonya usije ukaibeba orodha yake na kuibandika kwingine. Nilichokichukua kwake ni nidhamu ya kukiuliza kimya maswali yale yale tunayoyauliza maneno, yaani ni cha nani, kinakaa wapi, na nani anakivunja. Ilibidi nirudi kunukuu upya rekodi zote. Huo ndio mwaka wangu wa ziada, au sehemu yake kubwa.

Kama utaandika tasnifu katika lugha tofauti na ile ya data yako, jiandae pia kwa usumbufu wa tafsiri. Desturi ni kuandika mistari mitatu: ya kwanza ni maneno kama yalivyosemwa, ya pili ni maana ya kila mofimu, yaani kila kipande kidogo cha neno chenye maana, chini yake, na ya tatu ni tafsiri huru. Katika "watu wawili tu" neno "tu" linaweka mpaka wa idadi, katika "nenda tu" linaondoa kizuizi, na katika "kichwa tu" linafunga mlango usiulizwe zaidi, na bado mstari wa pili unadai uandike maana moja. Mtahini wangu wa nje hakuijua lugha ya data, akaniuliza kwa nini neno moja nimelitafsiri kwa njia tatu. Ningekuwa nimelieleza hilo katika sura ya mbinu, asingeuliza. Ukipewa hiari ya kuandika kwa Kiswahili, ipokee, ila ujue kwamba istilahi hazijatulia: utakuta kitu kile kile kinaitwa uchanganuzi wa usemi, wa diskosi au wa kilongo kutegemea nani aliandika, kwa hiyo chagua moja, lifafanue mara moja, usirukeruke.

Swali lako la kwanza, la isimu au sosholojia, nitalijibu kwa kifupi. Inategemea idara inayokupokea zaidi kuliko jina la programu. Idara zenye mizizi ya isimu zitakudai fonolojia na mofosintaksia, yaani mfumo wa sauti na muundo wa maneno na sentensi, kabla ya kukuacha uende kwa watu, zile za anthropolojia zitakudai ukae na watu kwa muda mrefu na uandike shajara ya uwandani, na zile za mawasiliano mara nyingi zitakuelekeza kwenye maandishi ya vyombo vya habari na uchanganuzi hakiki wa usemi, yaani kuchunguza jinsi lugha inavyobeba mamlaka, ule wa akina Norman Fairclough, Ruth Wodak na Teun van Dijk. Dell Hymes, ambaye alipendekeza dhana ya umilisi wa mawasiliano, yaani kujua nini kinafaa kusemwa kwa nani na wakati gani, ili kuijibu ile ya Noam Chomsky ya umilisi wa sarufi peke yake, alikuwa akivuka mipaka hiyo bila kuomba ruhusa, lakini yeye hakuwa akisubiri alama za muhula. Angalia orodha ya kozi za lazima na mada za tasnifu zilizosimamiwa na walimu wenyewe. Mimi nilikwenda bila fonetiki ya kutosha, nikalipia upungufu huo nilipoanza kupima vituo na viimbo, na mwenzangu aliyetoka isimu tupu alilipia wake alipotakiwa kukaa kimya wiki nzima mahali pamoja na kuandika anachokiona.

Ama kuhusu kazi, sitakudanganya kwamba kuna tangazo la ajira lenye jina la shahada hii. Wenzangu niliosoma nao wamesambaa katika ufundishaji, tafsiri na ukalimani, uhariri, mawasiliano ya afya, utafiti wa mashirika, na wawili wako katika kutayarisha data ya lugha kwa ajili ya teknolojia. Kinachowauza ni ule ustadi wa kusikiliza mazungumzo yaliyoharibika na kuonyesha sekunde yalipoharibikia. Mfano ambao huutumia ninapoombwa kueleza manufaa ya fani hii ni wa mwanaisimu John Gumperz katika mgahawa wa wafanyakazi wa uwanja mmoja wa ndege nchini Uingereza, ambako wahudumu wanawake waliotoka India na Pakistani walionekana wakali na wasio na ushirikiano. Rekodi zilionyesha kwamba walipokuwa wakimuuliza mteja kama anataka mchuzi wa nyama walilitamka neno hilo moja kwa kiimbo cha kushuka, ambacho kwao kilikuwa njia ya kawaida ya kuuliza, ilhali kwa Mwingereza kilisikika kama tangazo, yaani "mchuzi huu hapa, shauri yako". Pande zote mbili zilisikilizishwa rekodi na kujadili kilichosikika. Mwajiri anaelewa mfano huo kwa dakika mbili, kitu ambacho hajawahi kukielewa nikianza na ufafanuzi wa isimujamii.

Ulimalizia kwa kuuliza usome nini katika miezi hii kabla hujaanza. Ningekushauri usome kidogo, halafu utafute watu wawili watatu mnaofahamiana, uwaombe ridhaa, urekodi dakika tatu za mazungumzo yao wakiwa wanafanya kazi fulani pamoja, si mahojiano, kisha uzinukuu kwa mkono, pamoja na vituo, vicheko na zamu zinazogongana. Utamaliza daftari. Halafu tafuta mahali pamoja ambapo mmoja wao alifanya jambo usilolitarajia, uliandike kwa sentensi moja bila kutumia istilahi yoyote. Ukikwama, liweke hapa jukwaani kwa maandishi, bila majina na bila sauti, nami nitalisoma na kukueleza ninachokiona.